Mionzi na walinzi wa mwili: jibu kwa wamama wanaoogopa kumaliza tiba



Kuna neno linalozunguka katika vikundi vyetu, kuanzia Kadutu mpaka Bagira, na tumelisikia Panzi na Nguba pia. Linasema hivi: mionzi ya kutibu kansere inaua uvimbe, sawa, lakini inaua na nguvu zote za mwili, na mwanamke akitoka kule anabaki kama parseli isiyo na sentineli. Homa ndogo tu itamchukua. Kwa ajili ya neno hilo wapo wanaokataa kwenda. Na wapo wengine, hao ndio wanaotuumiza roho zaidi, wanaoanza tiba, wanapigwa mionzi wiki mbili au tatu, damu inakoma kutoka, maumivu yanapungua, kisha wanasema: "Nimepona, niacheni nirudi kwa watoto kabla mwili haujaisha." Wanaacha katikati.

Wiki hii tumeamua kulijibu neno hilo kwa kirefu. Hatutasema ni uongo mtupu, maana si uongo mtupu. Ndani yake kuna kipande cha ukweli, na wataalamu wenyewe walikiamini kwa miaka mingi. Lakini kuna kipande cha pili ambacho hakijafika sokoni kwetu, nacho kinabadilisha hesabu yote.

Tutazungumza hasa juu ya kansere ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022 peke yake, wanawake karibu 660,000 duniani walipatikana nayo na karibu 350,000 walikufa kwayo. Katika kila 100 waliokufa, 94 walikuwa katika nchi za kipato kidogo na cha kati, yaani nchi kama yetu. Ikikamatwa mapema sana, inatolewa kwa upasuaji mdogo. Ikishasogea zaidi lakini haijasambaa mbali, tiba kubwa ni mionzi, ile wanganga wanaita radioterapi, pamoja na dawa ya sindano mara moja kwa wiki.

Mionzi inafanya nini

Mionzi haina rangi, haina harufu. Mama analala juu ya kitanda cha mashine dakika chache, hasikii kitu, anaamka na kuvaa nguo zake. Mionzi imepita ngozi, imefika ndani, imekata nyuzi nyembamba zilizo katika kila seli (wengine tumezoea kusema selule), zile nyuzi zinazoiambia seli namna ya kuishi na namna ya kujigawa. Seli nzima yenye afya ikikatwa kidogo, inajirekebisha kabla ya kesho. Seli ya kansere ina haraka ya kuzaana, haijui kushona vizuri kilichochanika, na ikijaribu kujigawa inakufa. Ndiyo sababu mionzi haitolewi yote mara moja. Inagawanywa, siku 5 kwa wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi, ili kila usiku sehemu nzima za mwili zipate nafasi ya kupona na uvimbe usipate.

Sasa tufike kwa walinzi. Tunasema walinzi, si askari. Vitabu vingi vya afya hupenda kusema "askari wa mwili", lakini sisi wamama wa Kivu tunajua kwa nini neno hilo halitutulizi.

Katika damu yetu mna seli nyeupe za aina nyingi. Wamo zinazoitwa seli T. Kazi yao ni kuzunguka mwilini, kugusa seli moja moja kama mtu anayekagua vitambulisho, na kuiua ile iliyoshikwa na virusi au iliyogeuka kuwa kansere. Hawakai katika damu tu. Wengi wanaingia ndani ya uvimbe wenyewe na kubaki mle. Munganga akitazama kipande cha uvimbe kwa darubini anawaona wamejaa katikati ya adui, na kwa aina nyingi za kansere, mgonjwa mwenye walinzi wengi ndani ya uvimbe huishi muda mrefu kuliko mwenye wachache.

Kipande cha ukweli kilicho katika lile neno la sokoni ni hiki: seli T zinazozunguka katika damu ni miongoni mwa seli dhaifu kuliko zote mbele ya mionzi. Kiasi kidogo tu kinaziua. Ndiyo maana wakati wa tiba munganga anapima damu mara kwa mara, na ndiyo maana mama anaweza kuambiwa hesabu yake ya seli nyeupe imeshuka. Inashuka kweli, na inahitaji muda kupanda tena tiba ikishakwisha.

Kwa hiyo wataalamu nao walifanya hesabu rahisi. Kama mionzi kidogo inamuua mlinzi aliye katika damu, basi mlinzi aliye ndani ya uvimbe, pale mionzi inapopigwa yote, lazima afe kabla ya wote. Uvimbe unakufa, walinzi wanakufa, na walinzi wapya watatoka kwingine baadaye, Mungu akipenda. Hesabu hiyo ilionekana sawa kabisa.

Panya waliokataa ile hesabu

Dalili ya kwanza kwamba mambo si hivyo ilikuwa ya zamani. Mwaka 1979, huko Marekani, mtafiti mwanamke aitwaye Helen Stone na wenzake walichukua panya wenye uvimbe wa aina moja. Kundi moja lilikuwa na kinga nzima. Kundi lingine lilikuwa limeondolewa seli T. Wakawapiga mionzi na kutafuta kiasi kinachotosha kuponya nusu ya vimbe. Kwa panya wenye seli T, ilitosha karibu 30 kwa kipimo cha Grey (hicho ndicho kipimo cha mionzi, kama tunavyopima unga kwa kilo). Kwa panya wasio na seli T, ilihitajika zaidi ya mara mbili ya hapo.

Someni tena sentensi hiyo, wamama. Mashine ile ile, uvimbe ule ule, lakini bila walinzi kazi ikawa ngumu mara mbili. Maana yake mionzi haikuwa ikifanya kazi peke yake. Kuna mtu alikuwa akiisaidia.

Kwa miaka mingi hilo halikutiliwa maanani sana katika vyumba vya tiba. Jibu lililo wazi zaidi lilikuja Septemba 2019, kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, kwa kazi ya Ainhoa Arina, Ralph Weichselbaum na wenzao, iliyochapishwa katika jarida la Nature Communications. Walifanya jambo ambalo sisi tusiosoma sayansi tunaweza kulielewa vizuri: waliwatazama walinzi walio ndani ya uvimbe wa panya, kabla ya mionzi na baada yake, na kuwalinganisha na ndugu zao wa katika damu na katika vinundu vya limfu.

Ndugu wa katika damu walikufa, kama ilivyotegemewa. Walio ndani ya uvimbe, sehemu kubwa yao walibaki. Na hawakubaki kama majeruhi waliolala. Waliendelea kutembea ndani ya uvimbe, waliendelea kutoa interferoni gama, ambayo ni kama sauti ya kengele na silaha kwa pamoja. Watafiti wakafunga mlango kwa dawa, ili pasiingie mlinzi mpya hata mmoja kutoka nje baada ya mionzi. Hata hivyo uvimbe ulizuiliwa. Wale wa ndani, waliopigwa mionzi pamoja na adui, walitosha kuendeleza kazi.

Kwa nini wao hawakufa? Hapa ndipo tunapopapenda. Uvimbe hutoa vitu vingi vya kuwalegeza walinzi, kimoja wapo kinaitwa TGF-beta. Ni kama kuwalisha kitu cha kuwatia uvivu. Mlinzi anayeishi muda mrefu katika hali hiyo anabadilika: anafanana na zile seli T zinazokaa maisha yao yote katika ngozi au utumbo. Na mlinzi aliyebadilika hivyo hadhuriki upesi na mionzi. Watafiti walipozuia TGF-beta, walinzi wale wakawa dhaifu tena mbele ya mionzi. Yaani kile kile ambacho uvimbe ulitumia kuwalegeza ndicho kilichowakomaza.

Tunafikiri juu ya wale mama zetu wabebaji wanaopandisha magunia kutoka bandarini. Mzigo unawaonea, hakuna anayebisha. Lakini mtu asiyezoea akijaribu kubeba gunia hilo siku moja, shingo yake haitavumilia, na ya kwao inavumilia. Hatusemi mzigo ni mzuri. Tunasema shingo imebadilika.

Nyuso mbili

Tungeweza kuishia hapo na kushangilia, lakini tungekuwa tumewadanganya. Kwanza, hao walikuwa panya. Pili, mionzi ina nyuso mbili kwa walinzi.

Uso mzuri tumeanza kuuona. Kuna zaidi. Seli ya kansere ikifa kwa mionzi, haifi kimya. Inapasuka na kumwaga nje vitu vyake vya siri. Seli nyingine za kinga, zile za kubeba habari, zinaokota vipande hivyo na kuvipeleka katika vinundu vya limfu, kama vile mtu anayeokota karata ya uraia ya mwizi na kuipeleka kwa chefu wa avenyu: "Huyu ndiye, mtazameni sura." Pale seli T changa zinafundishwa sura hiyo na kutumwa. Mara chache sana, walinzi hao hufika hata kwenye uvimbe mwingine ulio mbali, ambao haukuguswa na mionzi, nao ukapungua. Munganga Mwingereza R. H. Mole alilipa jambo hilo jina mwaka 1953. Ni mara chache, wamama, msiende kuliomba kama haki yenu.

Kwa kansere ya mlango wa kizazi kuna jambo la ziada. Karibu kansere zote za aina hii zinaanzishwa na virusi vya papiloma, HPV, na seli ya kansere inaendelea kubeba alama za virusi hivyo. Kwa hiyo mlinzi ana kitu cha kigeni cha kutambua, si seli ya nyumbani iliyoharibika tu. Mwanamke mwenye virusi vya SIDA, ambaye walinzi wake wamepungua, ana hatari ya kupata kansere hii mara 6 kuliko mwingine. Hesabu hiyo ya Shirika la Afya Duniani inaonyesha kazi wanayoifanya walinzi kila siku bila sisi kujua.

Uso mbaya ni huu. Mionzi inaita pia seli za kinga zisizotusaidia. Wapo wanaotuliza wenzao, kazi yao ya kawaida ikiwa ni kuzuia kinga isijishambulie, na hao nao huvumilia mionzi. Wapo wanaoitwa makrofaji, ambao kazi yao ni kufagia uchafu na kuponya vidonda, na uvimbe huwahonga wauponye wenyewe. Na seli za kansere zilizobaki, zikisikia kengele ya interferoni, huvaa kitu juu ya ngozi yao kinachoitwa PD-L1. Mlinzi akikigusa, breki inamfunga, anasimama.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mionzi inaamsha kinga au inaizima, jibu la kweli ni vyote viwili, na ushindi unategemea upande gani umezidi. Ndiyo kazi kubwa ya watafiti leo: kusaidia uso wa kwanza na kubana wa pili.

Mwaka 2018 sisi wa Bukavu tulikuwa mitaani tukipiga vigelegele kwa ajili ya Daktari Denis Mukwege wa Panzi, aliyepewa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Wachache wetu tulitambua kwamba siku chache tu kabla, wiki ile ile, Nobeli ya Tiba ilitangazwa kwa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliogundua jinsi ya kuondoa hizo breki za seli T. Vilikuwa vigelegele viwili kwa wanawake, na sisi tukapiga kimoja. Haidhuru, tunapiga cha pili leo.

Maana dawa za kuondoa breki sasa zimejaribiwa pamoja na mionzi kwa ugonjwa wetu huu. Katika utafiti uitwao KEYNOTE-A18, wanawake 1,060 wenye kansere ya mlango wa kizazi iliyosogea walipewa mionzi na dawa ya kawaida. Nusu wakaongezewa pembrolizumab, nusu wakaongezewa kitu kisicho dawa. Baada ya miezi 36, kati ya walioongezewa dawa, karibu 83 kwa kila 100 walikuwa hai. Kwa wale wengine, karibu 75. Wanane zaidi kwa kila mia. Lakini dawa ndugu yake, durvalumab, ilijaribiwa kwa namna inayofanana katika utafiti wa CALLA na haikuzuia ugonjwa kurudi kuliko mionzi na dawa ya kawaida peke yake. Hivyo si kila kinachoondoa breki kinasaidia.

Na bei? Dozi moja ya pembrolizumab huko Marekani inapita dola 10,000. Tunaandika bei hiyo ili mama yeyote akija kuambiwa hapa mjini kwamba kuna mtu anauza "dawa ya kinga ya Wazungu" kwa dola 50 katika chupa, ajue anaibiwa.

Angalieni pia ile namba ya pili, wamama, ile 75. Hao ni wanawake waliopata mionzi na dawa ya kawaida tu, wakamaliza, na robo tatu walikuwa hai miaka 3 baadaye. Kwa mwanamke wa Bukavu, tofauti kubwa haiko kati ya 75 na 83. Iko kati ya kupata mionzi na kutoipata.

Mashine iko ng'ambo

Bukavu hatuna mashine ya mionzi. Tunaandika hilo kwa uchungu, na uchungu una historia. Mwaka 1922, kiwanda cha Olen huko Ubelgiji kilianza kutoa radiamu kutokana na madini ya Shinkolobwe, Katanga. Madini yale yalikuwa tajiri kiasi kwamba Ubelgiji ikawa muuzaji mkuu wa radiamu duniani, na bei ikaporomoka. Radiamu hiyo ilitumika katika hospitali za Ulaya kutibu, kati ya wengine, wanawake wenye kansere ya mlango wa kizazi. Jiwe la Kongo liliponya wanawake wa mbali miaka 100 iliyopita, na leo binti wa Kongo anavuka mpaka kutafuta mionzi.

Kwa wengi wetu njia iliyo karibu ni kuvuka Ruzizi, kupita Kamembe na msitu wa Nyungwe, mpaka Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe imekuwa ikitoa tiba ya mionzi tangu 2019. Kabla ya hapo hata Wanyarwanda walipelekwa nje. Kinshasa haifikiki kwa barabara. Wengine wamekwenda Kampala, na wanaokumbuka mwaka 2016 wanajua kilichotokea: mashine ya pekee ya Uganda, pale Mulago, iliharibika kabisa, na mpya haikuzinduliwa mpaka Januari 2018. Mashine moja ikifa, nchi nzima na majirani wanasubiri.

Tunasema haya kwa sababu safari hii ndiyo inayofanya wamama waache katikati. Siyo hofu ya kinga tu. Ni kodi ya chumba, ni chakula cha ugenini, ni watoto walioachwa kwa shangazi, ni mume anayepiga simu kuuliza "utarudi lini?" Halafu lile neno la sokoni linakuja kama sababu nzuri ya kurudi.

Wanganga wa mionzi wanataka tiba yote imalizike ndani ya wiki 8, mionzi ya nje pamoja na ile ya ndani iitwayo brakiterapi, inayowekwa karibu kabisa na uvimbe. Wengi huiruka hii ya mwisho kwa sababu damu imeshakoma. Kuiruka ni kama kutoa sufuria ya maharagi motoni maji yanapoanza tu kuchemka. Seli zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi zaidi, na walinzi waliokwisha kuamshwa wanakuta adui anaongezeka badala ya kupungua. Kabla ya kuanza, ulizeni hospitali: brakiterapi iko hapa hapa au nitatumwa kwingine, na lini?

Mambo mengine ambayo wamama wanatuuliza, tuyaseme haraka. Mwanamke anayepigwa mionzi ya nje hatoki nayo. Anaweza kumbeba mtoto, kupika, kulala kitanda kimoja na mumewe. Chombo cha brakiterapi kikishaondolewa, hali ni hiyo hiyo. Kuharisha, uchovu na kuwashwa wakati wa mkojo ni kawaida na kuna dawa, mwambieni munganga badala ya kukaa nyumbani siku 3. Wanaotumia dawa za virusi vya SIDA wasiziache hata siku moja, maana hizo ndizo zinazowalisha walinzi. Damu ikiwa pungufu, mwambieni apime na atibu: uvimbe uliokosa hewa safi ya damu unavumilia mionzi zaidi. Sambaza, maharagi, sombe na lengalenga ni chakula chema kwa mgonjwa, lakini havitoshi peke yake kama damu imeshuka sana. Na dawa za majani za "kusafisha damu" tunawasihi mziweke pembeni mpaka tiba imalizike, au angalau mumwonyeshe munganga mnachokunywa.

Kwa ambao hawana dalili yoyote, kipimo cha mlango wa kizazi kwa siki ya hospitali huchukua dakika chache. Muuguzi anapaka, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mashaka inageuka nyeupe. Shirika la Afya Duniani linataka wanawake wapimwe angalau mara mbili, kabla ya kupita miaka 35 na tena kabla ya kupita miaka 45. Mwenye virusi vya SIDA aanze mapema zaidi na apimwe mara nyingi zaidi. Ulizeni katika kituo chenu cha afya ni siku gani kipimo hicho kinafanyika. Damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya hedhi kukoma kwa uzee, haisubiri siku ya kipimo. Nendeni kesho yake.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Vikundi vyetu vya AVEC vina sanduku la kijamii la msiba na la uzazi. Havina sanduku la mgonjwa anayehitaji kukaa wiki 8 ugenini. Tunaomba kila kikundi kijadili jambo hili katika mkutano wake wa wiki ijayo, na walete majibu kwa maswali matatu: kila mwanachama anaweza kuongeza kiasi gani kwa wiki bila kuumia, nani atabaki na watoto wa mgonjwa, kwa zamu, na majina yaandikwe, na ni mama gani kati yetu aliyewahi kumaliza tiba hiyo ambaye yuko tayari kumsindikiza mwenzake siku ya kwanza, amwonyeshe mlango wa kuingilia na mahali pa kununua chakula cha bei nafuu. Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa kwa katibu wa kikundi kabla ya Ijumaa.